Kifungashio cha plastiki kimeruhusiwa, ndiyo. Lakini si kwa chakula cha moto

Kemikali za kifungashio zinafikaje kwenye chakula?
Zinahama. Plastiki ina viungo vya kuilainisha, kuiimarisha na kuipa rangi, na si vyote vimeshikamana nayo. Joto, mafuta, uchachu na muda huvitoa. Katika hivyo vinne, joto ndilo tunaloliongeza kwa mikono yetu wenyewe.

Kama kina madhara, serikali ingeruhusuje kiuzwe?
Wazazi wengi kliniki huniuliza hivi, na hapa ndipo tunapojidanganya. Kibali hutolewa kwa kazi maalumu. Maabara huweka kifungashio pamoja na vimiminika vinavyowakilisha chakula, kwa joto na muda uliopangwa, kisha hupima kilichohama. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu plastiki kutoa zaidi ya miligramu 10 kwa kila desimita moja ya mraba inayogusa chakula. Chombo cha friji na friza tu hupimwa kwa siku 10 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Basi kopo la aiskrimu likimwagiwa supu inayochemka, hakuna aliyelipima kwa kazi hiyo. Kibali chake kimeishia kwenye baridi.

Hata nikisubiri chakula kipoe kidogo?
Kipoe kabisa, au tumia chombo cha kioo, cha chuma cha pua, au kilichoandikwa wazi kwamba kinafaa kwa joto. Mfuko mwembamba wa plastiki usitiwe chakula cha moto. Hata kwa dakika tano. Hata kama ni wa kubebea tu.

Mbona nimefanya hivyo miaka yote na siumwi?
Kwa sababu madhara haya hayaji kama kuharisha, kwamba ule leo uugue kesho. Chukua mfano wa kemikali iitwayo bisfenoli A, yaani BPA, iliyotumika kwenye plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo. Huingilia kazi ya homoni. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango chake kinachovumilika kwa siku mara 20,000, hasa kwa hofu ya madhara kwenye kinga ya mwili. Marufuku ya Umoja wa Ulaya dhidi ya BPA ikaanza kutumika Januari 2025, pamoja na muda wa mpito. Tazama hapo: kitu kilichokuwa na kibali jana kimeondolewa leo. Kusema “siumwi” si kipimo, na mjamzito hali kwa ajili yake peke yake.

Nikinunua kilichoandikwa hakina BPA?
Ni afadhali, ila baadhi ya viwanda huweka bisfenoli nyingine za jamii hiyohiyo. Maandishi hayo hayakupi ruhusa ya kukichemsha.

Na namba iliyo ndani ya pembetatu?
Inataja aina ya plastiki. Basi. Alama ya glasi na uma ndiyo inayosema kitu kimekusudiwa kugusa chakula, na hata hiyo soma masharti yake.

Maziwa ya unga ya mtoto je? Yanahitaji maji ya moto.
Ndiyo, yasiyopungua nyuzi 70, ili kuua vijidudu, hilo msiliache. Changanyeni kwenye kioo au chuma kilichochemshwa, yapoe, ndipo yaingie kwenye chupa ya plastiki. Na tafadhali, msipashe chupa hiyo kwenye maikrowevu.

Dumu la dawa ya wadudu, nikilisuuza vizuri, litafaa kwa maji ya kunywa?
Hapana. Sabuni haifai, majivu hayafai, jua halifai. Dawa imeshanywewa na plastiki. Litobolewe lisitumike tena. Mtoto akiwa ameshakunywa, msimtapishe wala msikae mkisubiri dalili. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mbebe dumu lenyewe, lebo ikiwa bado imo, ili mhudumu ajue ni sumu gani.