Land Cruiser Kigoma: Dhana za Kijiweni na Ukweli Wake

Kigoma gari kubwa lina kazi. Anayetoka Uvinza kwenda Buhingu au Kalya wakati wa mvua, anayepeleka dawa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayefuata mawese vijijini na kurudi na madumu hadi juu ya keria, hao hawakununua Land Cruiser ili wapige nalo picha. Nayapenda magari haya, kuanzia lile la mkonga (bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni) lenye injini ya dizeli ya 1HZ hadi V8, na nasema hivyo bila kuona haya. Ila dizeli ni dizeli popote inapochomwa, na mapafu ya mtoto wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, hayajui kama gari lililopita lilikuwa na safari ya maana au la. Kinachonisumbua ni kwamba tunayatunza kwa maneno ya kijiweni, na mengi kati ya hayo si kweli. Yanaongeza ulaji wa mafuta, yanaongeza moshi, na mwisho wake yanaua injini. Wanaoyalaani magari haya nao wana dhana zao, nitazifikia.

"Likitoa moshi mweusi ujue lina nguvu"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamfanya mwenye gari ajivunie ugonjwa. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Umeyalipia kituoni kwa bei ya Kigoma, ambayo kila EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei za mwezi huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali, halafu yanatoka nyuma yakiwa masizi.

Chukua 1HZ yenyewe: lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Inavuta hewa kwa pumzi yake, kwa hiyo hewa inayoingia ina kikomo. Fundi akifungua pampu ili imwage dizeli zaidi, hewa haiongezeki hata kidogo. Dereva atahisi gari limechangamka kwenye mlima wa kwenda Manyovu, na atasifia kazi. Ndani ya injini joto limepanda, masizi yanaingia kwenye oili na kuifanya nzito, na silinda hedi imeanza safari ya kupasuka. Ukikuta gari la namna hiyo linauzwa, nguvu uliyoisikia ulipolijaribu ndiyo hiyo iliyokopwa kwenye uhai wake.

Moshi mweusi ukianza, mara nyingi chanzo ni nozeli (vidude vinavyopuliza dizeli ndani ya injini) zilizochakaa, filta ya hewa iliyoziba, au pampu iliyochezewa. Kwa nozeli, usikubali fundi anayesikiliza mlio tu kisha akakuambia ununue mpya zote. Mwambie azifungue na azipime kwenye mashine mbele yako. Anafunga nozeli moja kwenye bomba, anasukuma mkono wa ile pampu ndogo, na wewe unaangalia ncha. Nozeli nzima inapuliza ukungu mwembamba uliotawanyika na kukata ghafla. Iliyokufa inakojoa mstari, au inabaki na tone linaloning'inia mdomoni. Tone hilo ndilo linaloungua vibaya na kutoka likiwa moshi. Kuliona kwa macho kunamaliza ubishi wote kati yako na fundi.

Filta ya hewa nayo ina dhana yake: kwamba ukiipigiza chini ya tairi mara kadhaa imekuwa safi. Kwa vumbi jekundu la barabara zetu, kupigiza kunapinda ukingo wake, na ukingo ukipinda vumbi linapita pembeni moja kwa moja hadi kwenye ringi za pistoni. Kama lazima uipulize, tumia upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa petroli. Karatasi yake inaharibika. Ikishachoka, nunua nyingine.

Kuhusu afya hakuna ubishi uliobaki. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuza maandazi kando ya barabara anauvuta siku nzima. Abiria wa V8 amefunga vioo.

"Bosi, hiki ni cha nchi za baridi, tukitoe"

Maneno haya huyasikia sana gereji, fundi akiwa ameshika themostati mkononi. Ni kidude kidogo cha shaba chenye springi, kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke kwenye injini mpaka ipate moto wake. Hoja ya fundi ni kwamba Kigoma ni joto, hivyo hakina kazi. Lakini joto la nje nyuzi 28 au 30 ni baridi kabisa kwa injini iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na zaidi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, silinda zinalika haraka, na moshi unaongezeka asubuhi. Katika baadhi ya injini ni hatari zaidi, maana themostati hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka lisichemshe linachemsha mlimani. Kama gari linachemsha, tafuta rejeta iliyoziba, feni iliyolegea au pampu ya maji iliyokufa.

Ndugu yake ni kutoa masega, yaani kisafisha moshi (katalisti), kwenye ekzosi za magari ya petroli. Watu wanaamini masega yanabana injini na kwamba kuyatoa kunaokoa mafuta. Masega mazima hayabani kiasi cha wewe kuhisi. Yaliyoziba ndiyo yanayobana, na hayazibi yenyewe: kuna oili inayoungua au plagi isiyochoma vizuri huko juu, na hilo litaendelea hata ukiyatoa. Kazi yake ni kugeuza hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli kuwa vitu vyenye madhara madogo. Injini ya V8 ya petroli ya lita 4.7 bila masega ni chombo kinachomwaga sumu katikati ya mtaa, na mwenyewe anafurahia mlio.

"Gari langu moja litafanya nini kwa hali ya hewa?"

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, na petroli kilo 2.3. Uzito huo unazidi wa mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo inashikana na oksijeni ya hewani. Gari la mkonga linalokwenda kilomita 8 kwa lita, kwa safari ya kilomita 1,000 litatumia lita 125 na kuacha angani karibu kilo 340. V8 ya petroli inayokwenda kilomita 6 kwa lita itaacha kama kilo 380. Mabasi na treni hugawa mzigo huo kwa watu wengi. V8 yenye dereva na bosi mmoja inaugawa kwa wawili.

Ni kweli Tanzania inachangia sehemu ndogo sana ya gesi hizi duniani, na ni haki kulisema hilo mbele ya nchi tajiri. Lakini sisi ndio tunaoishi pembeni ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 1,470, na uhai wake unategemea maji ya juu kuchanganyika na ya chini ili virutubisho vipande. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na kukaa juu kama kifuniko. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 20. Mimea hiyo ndiyo chakula cha viumbe wanaoliwa na dagaa, na dagaa ndio wanaomlisha mgebuka. Uvuvi wa kupita kiasi una sehemu yake, sikatai. Ila mwenye gari wa Kibirizi akisema mambo ya hali ya hewa ni ya Wazungu, aangalie kinachoshushwa mwaloni asubuhi.

Wengine hujitetea kwamba kodi walizolipa zimefidia. Ushuru wa bidhaa unapanda kwa injini inayozidi cc 2,000, na tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya barabara ilifutwa na tozo kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayekunywa mafuta mengi analipa zaidi. Hizo ni fedha za Serikali na barabara. Haziondoi hata gramu moja ya masizi.

"Kama unajali mazingira, uza hilo kongwe ununue jipya"

Hii ni dhana ya upande wa pili, na inasemwa kwa nia njema. Kutengeneza gari jipya, chuma, alumini, plastiki, kioo na kulisafirisha kwa meli, kunatoa tani kadhaa za kaboni dayoksaidi kabla halijawashwa. Sasa tuseme una gari la mkonga na unatembea kilomita 10,000 kwa mwaka. Kwa kilomita 8 kwa lita unatoa tani 3.4 hivi. Ukibadilisha upate linalokwenda kilomita 12 kwa lita, utatoa tani 2.3, yaani umeokoa kama tani 1.1. Itakuchukua miaka kulipa deni la kiwandani, na la zamani ulilouza halikufa; liko Kasulu linaendelea kutembea, pengine kwa mtu asiyelitunza.

Anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka, hesabu inageuka. Anaokoa zaidi ya tani 4 kila mwaka, na kung'ang'ania gari kongwe hakuna utetezi. Mashirika mengi yako kwenye kundi hili.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: safari fupi za mjini. Gari la tani 2 na zaidi kuwashwa kutoka Bangwe hadi sokoni Mwanga kununua nyanya ndiyo matumizi mabaya kuliko yote, kwa sababu injini haijapata moto unapofika. Kilomita hizo ndizo mbovu kwa injini, kwa mfuko na kwa majirani. Pikipiki au gari dogo linatosha. Na wanaocheka kwamba umeme kwenye vyombo vya moto ni ndoto kwa Kigoma, wakumbuke kwamba mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Pikipiki ya umeme kwa mizunguko ya mjini ni jambo linalowezekana. Kwa Kalya, bado.

Mambo ya haraka kuhusu uendeshaji

"Dizeli ikisimama inaunguruma haili kitu." Inakula. Injini kubwa ikiunguruma na kiyoyozi kimewashwa inaweza kufikia lita moja kwa saa, na kikao cha bosi huchukua saa tatu. Yenye turbo iache dakika moja hivi baada ya kazi nzito, kisha zima.

"Mteremkoni weka nyutro uokoe." Ukiwa kwenye gia na mguu hauko kwenye eksileta, injini inakata mafuta, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Kwenye nyutro inabidi ijilishe. Umepoteza mafuta na umepoteza msaada wa injini kushika gari, breki zote umeziachia mzigo.

Keria tupu juu ya gari, upepo mdogo kwenye tairi, na mwendo wa 110 kwa gari lenye umbo la kabati: kila kimoja kinaongeza ulaji. Shusha keria, pima upepo tairi zikiwa za baridi, punguza mwendo.

"Oili chafu ni dawa ya mchwa"

Injini ya 1HZ inabeba lita 9 na zaidi za oili. Ikimwagwa, gereji nyingi huimimina kwenye nguzo, uani ili kutuliza vumbi, au mtaroni. Mchwa wanaweza kukimbia kwa muda, lakini oili iliyotumika ina chembe za metali na kemikali za kusababisha saratani, na mji wa Kigoma umeinama kuelekea ziwani. Mvua moja kubwa inatosha kuishusha.

Kuosha magari ufukweni ni jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mafuta na grisi zilizogandia chini ya gari vinakwenda moja kwa moja kwenye maji ambayo watu wanachota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo la kulindwa. Oshea nyumbani au pale penye shimo la kunasia mafuta.

Oili ya kumwagwa iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, isichanganywe na maji, petroli wala maji ya breki, maana ikichanganywa hakuna atakayeweza kuitumia tena. Kisheria ni taka hatarishi, na anayeikusanya anatakiwa kuwa na kibali. Kabla hujakabidhi funguo, muulize fundi oili ya gari la jana ameiweka wapi, na akuoneshe dumu.