Kabla hujasaga meno ya chaki

"Fundi, chaki yangu inayumba pointi moja (milimita 0.1), meno yameliwa. Nikuletee uyasage?" Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na safari hii nalijibu kwa maandishi ili kesho nikiulizwa niseme tu: nenda ukasome. Naongelea chaki ya meno matatu ya mashine ya kuchongea vyuma, si ile ya ubaoni. Na jibu kwa watu tisa kati ya kumi ni: hapana, usilete, kaoshe.

Imani yenyewe inakwenda hivi. Chaki ya meno matatu inatakiwa ishike chuma katikati kabisa, mshale wa geji ya saa (kipimo kinachoonyesha kuyumba) usitikisike. Ukitikisika, meno yameliwa. Yakiliwa, yasagwe. Hoja inaonekana nzima mpaka uiguse.

Chaki mpya ya kawaida ya milimita 160, ukiifunga vizuri kwenye spindo, yaani mhimili wa mashine unaoizungusha, na geji ikasoma milimita 0.05 hadi 0.08, hiyo ni nzima, tumia. Halafu geji inasoma mara mbili: ikionyesha 0.08, kitovu cha kazi yako kimehama 0.04 tu. Ndani ya chaki kuna sahani ya skrolo, yaani mfereji uliojiviringa kama dawa ya mbu ya kuchoma, na meno yote matatu yanatembea juu yake. Kila mzunguko wa mfereji una kosa lake dogo. Ndiyo maana fimbo ya milimita 20 inaweza kukupa 0.03, na ya milimita 45 ikakupa 0.09 kwenye chaki hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo, bila chochote kuharibika. Ukisaga meno yakae sawa kwa kipenyo cha 20, hicho cha 45 hakikujui.

Na hata hiyo 0.09, inakudhuru wapi? Ukichonga bushi ya korona, mashine ya kuchakata mkonge, nje na tundu kwa mshiko mmoja, ukaikata bila kuifungua, nje na ndani vitakuwa na kitovu kimoja hata kama chaki inayumba nusu milimita. Kisu hakijui chaki, kinajua spindo. Kuyumba kunauma pale tu unapogeuza kazi au kuirudisha baada ya kuitoa, na kwa kazi ya namna hiyo kuna chaki ya meno manne, kila jino na skrubu yake, ambayo wengi wameitupa chini ya meza au inashikilia mlango.

Mmepimia nini? Hili linaniudhi kuliko yote. Mtu anabana kipande cha nondo, au fimbo iliyotoka dukani ikiwa na kutu, anaweka geji, anatangaza chaki imekufa. Nondo haijawahi kuwa duara tangu iumbwe. Tafuta fimbo ya shokapu ya zamani: imesagwa, ina kromu, iko duara. Ivingirishe kwanza juu ya kioo uone kama haijapinda. Kwa vipimo vya karibu na meno, pini ya pistoni ya lori inafaa sana, ni ngumu na imesagwa vizuri, ila ni fupi, kwa hiyo haitakuambia habari za mbali.

Sasa uchafu. Fanyeni hesabu hii mara moja mkae nayo. Chenga ya chuma yenye unene wa 0.05, nyembamba kuliko karatasi, imekaa pembeni kati ya bamba la nyuma, lile linaloiunganisha chaki na spindo, na mgongo wa chaki ya milimita 160. Chaki imeinama. Milimita 100 mbele, kitovu kimehama karibu 0.03, na geji inasoma 0.06. Chenga moja! Na sisi wa Tanga tunaongeza ya kwetu. Chumvi ya bahari inaingia kwenye mwanya huo na kutengeneza kutu ya unga, rangi ya hina, ambayo haionekani mpaka utenganishe. Halafu kuna tabia ya kufutia mashine kwa singa za mkonge kwa kuwa zimejaa kila mahali na ni za bure. Singa zinaacha nyuzi, nyuzi zinaingia kwenye skrolo, zinashika mafuta, mafuta yanashika chenga. Futeni kwa kitambaa cha pamba kisichochanika.

Kuosha maana yake ni kuifungua, si kuipuliza kwa upepo. Upepo wa kompresa unazisukuma chenga ndani zaidi. Piga alama ya ponchi kwenye chaki na kwenye bamba la nyuma ili virudi vilivyokuwa. Toa meno, toa boliti za bamba, fungua kifuniko cha nyuma, toa skrubu zinazoshikilia pinioni (gia ndogo unazozungusha kwa ufunguo wa chaki), toa skrolo. Osha kila kitu kwa dizeli au mafuta ya taa kwa mswaki mgumu, kisha pita kwenye kila mzingo wa skrolo na kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Mwanzi hauchuni. Hapo utaona chenga zilizoshindiliwa mpaka zimekuwa kama sehemu ya chuma chenyewe. Pitisha kidole kwenye nyuso zinazogusana. Palipovimba, paguse kwa jiwe laini la mafuta, wala si tupa. Kausha. Paka mafuta mepesi ya mashine, filamu tu. Grisi nzito ni gundi ya chenga. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni.

Kabla hujarudisha, zungusha spindo ikiwa na bamba peke yake na uweke geji kwenye bega linaloingia kwenye mgongo wa chaki, kisha kwenye uso wa bamba. Vyote viwili visizidi 0.01. Vikizidi na spindo yenyewe imetulia, umempata mwizi, na meno yalikuwa yanasingiziwa.

Meno yana namba 1, 2, 3, na mifereji pia. Zungusha skrolo mpaka mwanzo wake uchungulie kwenye mfereji wa 1, rudisha kidogo, sukuma jino la 1, lishike. Halafu la 2. Halafu la 3. Funga mpaka katikati, yote matatu yakutane. Namba zikiwa zimefutika, yalaze meno sambamba, ncha za kubania zikiwa usawa mmoja. Jino ambalo thredi yake ya kwanza (tuta la mgongoni linaloshika skrolo) iko karibu zaidi na ncha ndilo la 1, linalofuata la 2, na tofauti kati yao ni theluthi ya hatua ya skrolo, yaani umbali kati ya mzingo mmoja na unaofuata. Kama hatua ni milimita 6, utaona milimita 2.

Na kazeni kwa pinioni ileile kila siku. Chaki nyingi zina alama ya sifuri kwenye mojawapo. Kama yako haina, pima zote tatu na ile fimbo ya shokapu, ile yenye usomaji mdogo ipige ponchi.

Baada ya haya yote, pima karibu na meno, milimita 20 hivi, halafu milimita 150 mbele. Usomaji ukiwa karibu sawa pote, hilo ni kosa la kuhama tu, na dawa yake naieleza huko chini. Ukikua sana kuelekea mbele, basi huenda mdomo wa meno umepanuka kama tarumbeta: yanashika nyuma tu, mbele yako wazi. Thibitisha kwa fila (ukanda mwembamba wa kupimia mwanya) ya 0.05. Bana pini, jaribu kuipenyeza mdomoni kati ya jino na pini. Ikiingia kwenye meno yote matatu, hapo ndipo neno kusaga linaruhusiwa kutamkwa.

Sasa tusikilizane, kwa sababu hata wanaostahili kusaga wanasaga vibaya. Meno yana ulegevu ndani ya mifereji na juu ya skrolo. Ukibana fimbo, kazi inayasukuma meno kwenda nje, ulegevu wote unaegemea upande mmoja, na ncha zinainuka kidogo. Lazima usage meno yakiwa katika hali hiyohiyo. Wengi wanachukua pete, wanaiweka kwenye ngazi za nje za meno, wanafungua chaki mpaka pete ikaze, wanasaga. Wamekaza upande wa kinyume! Ulegevu umeegemea ng'ambo, meno yameinama kinyume. Watasaga, yatang'aa, geji itapendeza mpaka watakapofungua pete na kubana fimbo, kisha kila kitu kinarudi kwenye ulegevu wa kawaida, na chaki inayumba kuliko jana.

Wengine wanabana pete ndogo ndani kabisa, mwisho wa meno. Mwelekeo ni sahihi, lakini mzigo uko nyuma, ncha hazijainuka inavyotakiwa, na jiwe la kusagia haliwezi kupita palipo na pete, kwa hiyo panabaki kitako kisichosagwa. Kitako hicho kisipoondolewa, fimbo itakaa juu yake na mdomo utabaki wazi kama mwanzo.

Njia inayofanya kazi ni bamba la chuma la milimita 5 au 6 lenye tundu kubwa katikati na mikato mitatu, nyuzi 120 kila mmoja, midogo kiasi kwamba meno yanaligusa kwa mabega yake ya pembeni tu. Uso wa kubania unabaki wazi, jiwe linapita kutoka mdomoni mpaka mwisho. Unabana bamba hilo kwa nguvu ya kazi ya kawaida. Grenda ndogo ya mkono ifungwe imara kwenye kishikia kisu, spindo izunguke polepole kinyume na jiwe, kila pitio 0.01, na baada ya cheche kuisha pitisha mara tatu nne bila kuongeza. Acha pale meno yote matatu yanapoguswa urefu wote. Meno mengi ni magumu juu tu. Ukila sana unafika kwenye chuma laini. Reli za mashine zifunikwe kwa kitambaa chenye maji, na baada ya kazi chaki ifunguliwe na kuoshwa tena yote. Vumbi la jiwe ndani ya skrolo ni msasa.

Mahali pa kuliweka bamba hilo kwenye urefu wa meno ndipo ninapokosa uhakika. Mdomoni kabisa, ncha zinainuka kuliko zinavyoinuka kwenye kazi halisi, maana fimbo inabanwa urefu wote. Matokeo yanaweza kuwa meno yanayobana zaidi mbele. Katikati, hujui kama umefika. Naweka theluthi moja kutoka mdomoni, na sababu yangu ni kwamba inatoa matokeo yanayovumilika, si kwamba naweza kuithibitisha kwa hesabu. Mwenye hesabu aje nayo.

Turudi kwa kosa la kuhama tu. Hapa kuna uboreshaji mzuri kuliko kusaga, na ni wa saa mbili. Bamba la nyuma likiwa kwenye spindo yake, chonga bega lake lipungue kipenyo 0.3, na kwa mshiko huohuo safisha uso. Funga chaki, kaza boliti ziguse tu. Bana fimbo yako, weka geji, na palipo juu gonga mwili wa chaki kwa kipande cha mninga mpaka mshale utulie, halafu kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo, ukiangalia mshale. Kufika 0.01 kwa kipenyo hicho si muujiza. Wapo wanaosema bega lazima libane, la sivyo chaki itahama ukichonga chuma chenye pembe. Hawajakosea kabisa. Ikigongwa sana inahama, kwa hiyo pima tena baada ya kazi nzito. Uso uliosafishwa na boliti zilizokazwa ndivyo vinavyobeba kazi.

Kwa kazi moja ya haraka, shimu, yaani kipande chembamba cha kuweka kati ya jino na kazi, inatosha. Jino lenye usomaji wa juu ndilo linalowekewa. Unene ni mara moja na nusu ya kuhama kwa kitovu, si ya usomaji: geji ikionyesha 0.10, kitovu kimehama 0.05, shimu ni 0.075 hivi. Ukuta wa kopo la soda ni karibu 0.1, anzia hapo kwa kuyumba kwa 0.13.

Kwa kazi zinazojirudia za kipenyo kimoja, chonga kola ya alumini, toboa tundu lake ikiwa ndani ya chaki, piga alama usawa wa jino la 1 kabla ya kuitoa, kisha ipasue kwa msumeno upande mmoja na uondoe makali. Kila ukiirudisha kwa alama ileile itakupa 0.02 au chini yake, na haichubui shafti ya boti iliyokwisha pigwa msasa.

Chaki iliyokufa kweli ipo. Mwili umepasuka kwenye kona ya mfereji, au skrolo imemeguka. Hiyo isizungushwe tena kwa kasi, hata kwa kujaribu. Ifunge kwenye meza ya kulehemu, ibane bomba na flanji, uizungushe kwa mkono.