Kiharusi si kipaumbele cha utafiti

Jopo la wataalamu wa ubongo hukaa, likatoa ripoti, na kila kilichomo kikaitwa kipaumbele: kiharusi, presha, dimenshia (kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra), kuvuja damu ubongoni, hata kununua mashine. Kipaumbele cha utafiti ni swali ambalo bado halina jibu, likatangulizwa kwa sababu jibu lake litafungua mengine na uwezo wa kulitafuta upo. Anayelitaja hana budi kutaja pia maswali yatakayosubiri, na hapo ndipo majopo mengi huingia mitini.

Kinachokera zaidi ni kukichanganya na kipaumbele cha afya. Hicho hupimwa kwa ukubwa wa madhara. Cha utafiti huangalia pia ukubwa wa tusichokijua. Presha ndiyo inayoongoza kwa kusababisha kiharusi, na dawa za kuishusha zipo miaka mingi. Hakuna haja ya maabara kuthibitisha tena kwamba inadhuru mishipa. Kwa nini mgonjwa huacha tembe zake akijisikia nafuu? Hilo ni swali halali kabisa la utafiti, ila halihusu baiolojia ya mshipa.

Linganisha na maradhi ya mishipa midogo, ile inayopenya hadi kwenye kina cha ubongo. Huleta takriban robo ya viharusi vya mishipa kuziba, na huchangia sana dimenshia. Kwenye picha ya ubongo iliyopigwa kwa mashine ya MRI huacha madoa meupe, mara nyingi kwa mtu asiyelalamika chochote. Je, damu haikufika, au ukuta wa mshipa unavuja? Watafiti wangali wanabishana. Mwaka 1996 ilijulikana kwamba hitilafu katika jeni ya NOTCH3 ndiyo chanzo cha CADASIL, aina ya kurithi ya maradhi haya. Jeni imejulikana, tiba ya kuyazuia bado. Pengo la namna hii ndilo linalostahili kutangulizwa.

Kuchagua swali vibaya kuna gharama. Kwa miaka mingi juhudi kubwa zilielekezwa kwenye kuokoa seli za neva peke yake, kana kwamba mshipa ni bomba tu. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa kwa kiharusi cha ghafla. Nyingi ziliwafaa wanyama wa maabara, ila zilizofika kwa binadamu karibu zote ziligonga mwamba. Ndiyo maana jopo la kiharusi lililoitishwa na NINDS, taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa maradhi ya neva na kiharusi, mwaka 2001 lilikuwa na uzito: lilihimiza seli za neva, seli zinazozihudumia na mshipa wenyewe vichunguzwe kama kitu kimoja. Huko ndiko kuweka kipaumbele, maana ulibadilika mtazamo na si bajeti tu.

Tena wanasayansi si waamuzi pekee. Uskoti, kwa utaratibu wa James Lind Alliance, mpango wa Uingereza wa kupanga maswali ya utafiti, wagonjwa, walezi na wahudumu wa afya walipanga pamoja maswali kumi kuhusu maisha baada ya kiharusi, yakachapishwa mwaka 2012. La kwanza halikuwa la mkono wala mguu uliopooza. Lilikuwa namna bora ya kurejesha uwezo wa kufikiri na kukumbuka.

Kwa hiyo anayesema “mishipa ya ubongo ipewe kipaumbele” hajakosea. Ametaja uwanja tu. Amalizie kwa kutaja swali.