Kupanga nyumba ughaibuni ukiwa na familia: anza na faili ukiwa bado Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimejifunza kutafuta nyumba katika mji mgeni. Unamuuliza mfanyakazi mwenzako, anakupa namba ya dalali, mnazunguka kwa bodaboda Ilazo, Kisasa, Nkuhungu mpaka Nzuguni. Mkielewana unalipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, dalali anachukua ya mwezi mmoja, na kesho yake mizigo inashushwa. Mkataba wa maandishi unakuja baadaye, au hauji kabisa. Mambo yanakwenda kwa sababu mwenye nyumba akitaka kujua wewe ni nani, ataulizia ofisini kwako, kanisani, msikitini au kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenye nyumba wa Leeds, Uingereza, au Leipzig, Ujerumani, hana wa kumuulizia. Kinachokutambulisha kwake ni karatasi, na nyingi kati ya hizo zinapatikana hapa nyumbani. Kwenye dawati letu la ushauri kwa watumishi na wanafunzi wanaokwenda masomoni nje, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kazi ya kupata nyumba ianze miezi miwili au mitatu kabla ya safari, na ianze na faili. Picha za nyumba kwenye simu zitafuata.

Katika faili hilo weka barua ya ufadhili au ya mwajiri inayotaja kiasi utakacholipwa kwa mwezi na kwa muda gani. Weka taarifa za benki za miezi kadhaa, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA. Kagua majina herufi kwa herufi yafanane na pasipoti. Tofauti ndogo ambayo hapa tunaielewa, kule inaweza kusimamisha maombi yako kwa wiki nzima. Nyaraka za Kiswahili zipate tafsiri rasmi mapema.

Halafu kuna karatasi ambayo karibu kila mtu huisahau: barua ya mwenye nyumba wako wa sasa. Iandikwe kwa Kiingereza, iseme umekaa muda gani, unalipa kiasi gani, kwamba hujawahi kuchelewesha kodi na nyumba imetunzwa. Aliyepanga kwa taasisi kama TBA au NHC aiombe ofisini. Aliyepanga kwa mtu binafsi aandae rasimu, mwenye nyumba asaini na kuweka namba yake ya simu. Kama hukuwahi kupewa risiti, anza sasa kulipa kodi kupitia benki ili malipo yaache alama.

Kabla ya yote hayo, hakikisha familia inaruhusiwa kwenda. Tangu 1 Januari 2024, Uingereza imezuia wanafunzi wengi wa kigeni, wakiwemo wa shahada za uzamili za kufundishwa darasani, kuja na mwenza na watoto. Wanaoruhusiwa ni hasa wa shahada za utafiti, kama uzamivu, na wenye ufadhili wa serikali. Inasikitisha kuona mtu anatafuta nyumba ya vyumba viwili wakati visa yake inambeba peke yake.

Ukishafika England, mwenye nyumba atakagua haki yako ya kupanga. Ni sharti la kisheria lililoenea England nzima tangu Februari 2016, na linamhusu kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Siku hizi unafungua akaunti yako ya visa mtandaoni, unatoa msimbo wa kuthibitisha haki hiyo, yeye anauhakiki mtandaoni. Mwenza wako naye atoe wa kwake. Kuhusu fedha, sheria iliyoanza Juni 2019 inasema dhamana, yaani fedha unayorudishiwa ukihama bila deni wala uharibifu, isizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka iko chini ya pauni 50,000, na fedha ya kushikilia nyumba isizidi ya wiki moja. Dhamana hiyo lazima iwekwe kwenye mfuko ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30, na upewe maelezo yake kwa maandishi. Usipoyapata, uliza bila aibu.

Zamani wageni wasio na mdhamini anayeishi Uingereza waliombwa kodi ya miezi sita mbele, na sisi tulilipa bila kushangaa kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Sheria mpya ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 inamzuia mwenye nyumba wa England kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele, kwa mikataba ya kuanzia 1 Mei 2026. Mdhamini bado anaweza kuombwa. Kiulize chuo chako, kwani baadhi ya vyuo hujitolea kuwadhamini wanafunzi wao.

Ujerumani ina utaratibu wake. Tangazo likiandika Kaltmiete, hiyo ni kodi tupu. Warmmiete imejumlisha maji, taka na kupasha nyumba joto, lakini mara nyingi umeme na intaneti viko nje. Bajeti yako ipigwe kwa Warmmiete, kisha uongeze umeme. Dhamana haizidi miezi mitatu ya kodi tupu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu za mwezi mmoja mmoja. Dalali hulipwa na aliyemwita, tangu Juni 2015. Kama mwenye nyumba ndiye aliyemtafuta, wewe hudaiwi hata senti. Pia usishtuke ukikuta jiko halina kabati, sinki wala majiko, kwa sababu nyumba nyingi hupangishwa hivyo. Ukihamia unazo wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya manispaa, na unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila usajili huo, mambo mengine mengi, kuanzia namba ya kodi ya mapato, yanakwama. Mwanafunzi anayetaka familia imfuate kwa kawaida hutakiwa pia kuonesha kwamba nyumba yake inawatosha wote.

Sasa nizungumzie utapeli, kwa kuwa hapa ndipo akiba ya familia inapopotelea. Mtego wenyewe haubadiliki sana. Nyumba ni nzuri kuliko bei yake. Mwenye nyumba ni mtu mwema, anasema amehamia nchi nyingine kikazi, hawezi kukuonesha nyumba ila atakutumia funguo kwa kifurushi ukishalipa dhamana na mwezi wa kwanza. Anatuma hata nakala ya pasipoti, ambayo ni ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako. Kisha anakuharakisha: kuna familia nyingine inaitaka, lipa leo. Mtu aliye Dodoma, mwenye tarehe ya ndege na watoto watatu, ndiye anayemtafuta.

Omba simu ya video, na ianzie barabarani. Aoneshe kibao cha mtaa, namba ya mlango, aingie, afungue bomba, asogeze pazia la dirisha unalolichagua wewe wakati huohuo. Akikataa, achana naye. Kwa England, daftari la serikali la umiliki wa ardhi liko wazi kwa kila mtu, na kwa ada ndogo utaona jina la mmiliki. Unaweza pia kumwomba Mtanzania anayeishi mji huo apite kuitazama. Jumuiya za Watanzania zipo miji mingi na ubalozi unaweza kukuelekeza. Fedha usitume kwa njia ambayo hairudi, kama sarafu za mtandaoni au huduma ambayo mpokeaji huchukua taslimu dirishani kwa kutaja jina tu.

Ushauri wangu, ingawa najua unauma, ni kwamba mzazi mmoja atangulie. Akae malazi ya muda kwa wiki chache, aione nyumba kwa macho, ajue shule iko wapi, kisha wengine wafuate. Kutengana kwa muda mfupi ni nafuu kuliko kufika na watoto usiku kwenye anwani isiyokuwepo.

Akiwa anakagua, atazame pembe za kuta, nyuma ya makabati na dari ya bafu. Sisi wa Kanda ya Kati tunajua ukame na vumbi. Unyevu unaozalisha kuvu weusi ukutani ni adui tusiyemzoea, na ni hatari kwa mapafu ya watoto. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, mwana wa wazazi kutoka Sudan, alifariki mjini Rochdale, na uchunguzi wa kisheria ukathibitisha kuwa kuvu wa kwenye nyumba yao ulimuathiri upumuaji mpaka kifo. Wazazi walikuwa wamelalamika mara kwa mara. England sasa ina sheria yenye jina lake. Ukiambiwa kuvu unatokana na mapishi yenu, usikubali kunyamaza. Andika barua pepe, piga picha, tunza tarehe.

Kwa wanaokwenda Marekani, sheria ya shirikisho tangu 1988 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, isipokuwa sehemu chache kama makazi maalumu ya wazee. Kwa China, anayekaa nje ya hoteli ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Kwa India, anayempokea mgeni ndiye mwenye wajibu wa kutoa taarifa zake ndani ya saa 24, hivyo mkumbushe siku hiyohiyo.

Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla sanduku halijafunguliwa, piga picha za kila chumba, mikwaruzo yote na mita za umeme, gesi na maji. Zitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo, na orodha ya vitu vilivyomo usiisaini mpaka umeongeza kila kasoro uliyoiona.