Farasi anayeaminiwa na wote si mtego

Pale Birere, Goma, mbele ya kibanda cha kubeti, nimesikia mara nyingi: “Yule wanayemkimbilia wote ni mtego. Cheza dhidi yake kila siku, mwisho wa mwaka utacheka.”

Ni kweli huanguka. Katika mbio za farasi, anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda, kwa wastani, takriban mara moja kati ya tatu. Lakini kuanguka kwake tayari kumo ndani ya bei, yaani kote: mara ngapi ya dau lako unalipwa farasi akishinda.

Chukua mbio za farasi watatu, zenye kote 1.40, 4 na 8. Ukitaka upate faranga 10,000 yule wa kwanza akishindwa, weka 2,500 kwa wa pili na 1,250 kwa wa tatu. Umetoa 3,750. Ili usipate hasara, lazima ashindwe mara 37 na nusu kati ya 100. Ukigawa kodi ya mchezeshaji, yaani sehemu anayojikatia ndani ya kote, sawasawa kwa farasi wote, huyu wa 1.40, anayeaminiwa kuliko kawaida, atashindwa kama mara 34. Pengo hilo ndilo linalokula faranga zako, polepole.

Tena kodi yenyewe haigawanyiki sawasawa. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Griffith alionyesha kwamba wachezaji wa Marekani huwathamini kupita kiasi farasi wa kote kubwa. Wanapenda ndoto, kama sisi. Kwa hiyo wale wa 20 au 50 ndio wanaoumiza zaidi, wa 1.40 huumiza kidogo. Huumiza lakini, msimkimbilie naye.