Gari la kuingia nalo Wahiba: anza na tairi, injini baadaye

Majira ya baridi yakikaribia hapa Omani, simu zangu hubadilika. Wakati wa joto watu hunipigia kwa ajili ya AC na rediata. Ikifika Oktoba, swali ni lile lile: "Fundi, nataka gari la kuingia nalo mchangani, nichukue lipi?" Karibu wote huanza na injini. V8, turbo, nguvu farasi mia nne. Mimi huwauliza rimu zake ni inchi ngapi.

Wahiba, ambayo ramani za siku hizi zinaiita Sharqiya Sands, ni kilomita za mraba kama 12,500 za mchanga. Matuta yake yamejipanga kwa mistari mirefu kutoka kaskazini kwenda kusini, na makubwa yanakaribia mita 100 kwenda juu. Gari la tani mbili na nusu linaloingia pale na tairi zilizojazwa upepo wa kuendeshea kwenye lami limeweka uzito wote juu ya viraka vinne vidogo vya mpira. Litazama tu, hata liwe na injini gani, na ukizidi kukanyaga mafuta linajichimbia.

Ukishusha upepo kutoka psi 35 hadi 15, tairi linalala na kile kipande kinachogusa mchanga kinarefuka. Eneo lake hukaribia kuwa mara mbili. Hapo ndipo gari linapoelea juu badala ya kuzama. Lakini ili tairi lilale linahitaji ubavu, yaani ule ukuta wa mpira kati ya rimu na ardhi. Rimu ya inchi 17 au 18 inaacha ubavu wa kutosha. Rimu ya 20 au 22 haina pa kulalia: ukishusha upepo sana, rimu inagonga, au ukikata kona kwa kasi tairi linachomoka kwenye rimu. Kwa hiyo ukiona gari zuri lenye rimu kubwa za kumeremeta, uliza kwanza kama rimu ya 17 au 18 inaingia bila kugusa breki. Kwa mengine haiingii. Na usikimbilie tairi zenye meno makubwa za matope. Meno yale yameumbwa kuchimba, na kuchimba ndiko tunakokukimbia. Tairi ya kawaida ya njia mchanganyiko inatosha kabisa.

Baada ya tairi ni uzito. Suzuki Jimny mpya ina injini ya lita 1.5 na nguvu farasi 102 tu, lakini ina uzito wa kama tani 1.1, na dereva anayejua kushika mwendo huipitisha mahali ambapo gari kubwa limekwama. Kwenye mpando mrefu nguvu zitaisha, hilo nalikubali. Nissan Patrol Y62 ni kinyume chake: V8 ya lita 5.6 inapanda tuta lolote, lakini gari ni zito na pua yake ya mbele ni ndefu. Ukishuka kwenye shimo kati ya matuta mawili, bampa ndilo linalofika chini kabla ya tairi. Hapa gereji kwangu mabampa ya mbele yaliyopasuka huja kila wikendi ya msimu, mengi yakiwa na mchanga uliojaa nyuma ya taa za ukungu. Tazama gari kutoka ubavuni. Tairi la mbele likiwa karibu na ncha ya pua, hilo ni gari la matuta.

Sasa injini. Mimi nachagua petroli isiyo na turbo, lita 4 au zaidi. Dizeli ina nguvu nzuri ya kuvuta na ni nzuri kwa safari ndefu, lakini nyingi za zamani huchelewa kujibu ukikanyaga, na ule mchelewo katikati ya mpando unakuibia mwendo ambao hutaupata tena. Kwa sababu hiyo hiyo otomatiki inashinda gia za mkono: ukikanyaga klachi mchangani, gari linasimama kabla hujaingiza gia inayofuata.

Lazima gari liwe na gia nzito, ile 4L, inayozungusha tairi zote nne polepole kwa nguvu nyingi. Magari madogo ya mjini yaliyoandikwa 4x4 mara nyingi hayana, na klachi inayopeleka nguvu tairi za nyuma ikipata joto hujitenga, unabaki unavutwa na tairi za mbele peke yake. Uliza pia kama mfumo wa kuzuia mtelezo unazimika kabisa. Ukibaki umewaka, kompyuta inaona tairi zinazunguka ovyo, inakata nguvu, na gari linafia chini ya mgongo wa tuta.

Mtu akinibana nitaje jina, kwa anayeanza nataja Toyota FJ Cruiser. Ina V6 ya lita 4.0, rimu za 17, uzito wa kama tani 2, na pua fupi. Haioni vizuri nyuma, na milango yake ya nyuma inawaudhi wenye watoto, lakini mchangani inasamehe mengi. Kwa mwenye familia kubwa, Land Cruiser ya 100 ya petroli iliyotunzwa. Kwa mwenye fundi wa karibu na moyo wa kuhangaika na gari kuukuu, Patrol Y61 ya lita 4.8, yenye ekseli ngumu mbele na nyuma. Mabedui wa Bidiya, mji ulio ukingoni mwa mchanga huu, wengi wao wamo kwenye pikapu za Land Cruiser za 70 na Hilux, upepo umeshushwa, na wanapita na mbuzi nyuma mahali ambapo wageni wanachimba kwa koleo.

Wengi wetu tunanunua gari lililotumika, kwa hiyo likague kama gari lililokwisha kuishi jangwani. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama mchanga unamwagika. Ingia chini, tazama bamba linalokinga sampu, lile karai la oili chini ya injini, na viungo vya chasisi karibu na shokapu, mahali nyufa zinapoanzia. Oili ya giaboksi ikinuka kuungua, au ikiwa nyeusi, achana nalo, kwa sababu joto la matuta ndilo linaloua otomatiki. Kutu chini ni dalili kwamba mwenyewe alikuwa akiendesha ufukweni na hakuosha chumvi.

Halafu piga magoti mbele na nyuma, utafute ndoano za kuvutia gari lililokwama, zilizofungwa kwenye chasisi yenyewe. Gari lisilo na ndoano hizo, zifungishe kabla hujafika kwenye tuta la kwanza. Lile tufe la chuma la kuvutia trela si la kazi hiyo: kamba ikikazwa kwa nguvu, tufe linaweza kukatika, likaruka kama risasi na kupiga kioo cha gari la pili. Watu wamekufa hivyo.