Mgongo kuwa nje hautoshi: AC ya dirisha inavuta hewa kwa mbavu

Wiki hii nimeletewa tena trela ya kulala ambayo AC yake eti "imeisha gesi". Ni ya tatu mfululizo na zote tatu gesi ilikuwa imejaa kama ilivyotoka kiwandani. Huyu mwenye trela alikata tundu ukutani uvunguni mwa kitanda, akaisukuma AC ya dirisha mle kabatini mpaka mgongo ukalingana na ukuta wa nje, pembeni akaziba kwa plaiwudi na silikoni, kazi safi kabisa ukiitazama. Asubuhi inapuliza baridi, ikifika saa saba mchana inapuliza hewa tu, inakata, inakaa dakika kadhaa, inawaka, inakata tena. Na kila mara naulizwa swali lilelile, "lakini fundi, si mgongo uko nje?"

Uko nje ndiyo, ila AC ya dirisha haivuti hewa kwa mgongo!! Nenda kaiangalie yako sasa hivi. Ubavuni kulia na kushoto, na nyingi hata juu, kuna matundu yamechanwa kwenye bati. Hapo ndipo feni ya nyuma inavutia hewa, inaipitisha kwenye kondensa, yaani yale mabomba ya nyuma yanayomwaga joto, inaitoa mgongoni ikiwa ya moto. Mgongo ni wa kutolea tu, pua ziko mbavuni. Ukiizamisha mpaka mbavu zikamezwa na kabati umeziba pua zote mbili, halafu unashangaa inahema.

Tupige hesabu kidogo maana naona watu hawaamini kama ni joto jingi. AC ndogo kabisa, ya BTU 5,000 kwa saa, inaliondoa chumbani joto la karibu wati 1,465, na umeme inaokula yenyewe ni kama wati 450 hivi, nao unaishia kuwa joto. Jumla inakaribia wati 1,900. Washa pasi mbili za nguo uzifungie kwenye kabati la uvunguni, ndicho ulichofanya, kwa sababu mbavu zisipopata njia ya kuvuta hewa ya nje zinavuta ya karibu, na ya karibu ni ileile iliyotoka moto mgongoni, inapenya kwenye nafasi kati ya bodi na ukuta na kurudi ndani. Hiyo ya wiki hii nilipenyeza kipimajoto ubavuni, nje kulikuwa na nyuzi 33, pale ubavuni 51. Kondensa lazima iwe ya moto kuliko hewa inayoipita, la sivyo joto haliendi popote, kwa hiyo hewa ikiwa 51 presha inapanda, kompresa, ile pampu ya gesi, inavuta ampea nyingi, ovalodi, yaani swichi ya usalama, inakata kuilinda. Ndiyo ile kuwaka na kuzima. Ovalodi inafanya kazi yake, hamna ubovu hapo.

Na gesi hailiwi jamani. Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, ikipungua maana yake kuna mahali panavuja, basi. AC nyingi za dirisha hazina hata valvu ya kujazia, kwa hiyo fundi anayekwambia "naongeza kidogo" itabidi atoboe bomba, na hapo sasa umepata mahali pa kuvuja ambapo hapakuwepo.

Dawa yake: isogeze nje mpaka matundu ya mbavuni yote yavuke ukuta, chini uweke vyuma vya kuibeba maana ukuta wa trela ni mwembamba na AC inarushwarushwa njiani. Mimi hii niliisogeza sentimita kama 20, ubavuni pakasoma 35, mchana mzima haikukata. Kama hutaki itokeze, nunua ile ya kupachika ukutani ambayo mbavu zake ni bati tupu na inavuta na kutoa kwa nyuma. Zinafanana sana kwa mbele lakini ni mashine mbili tofauti, na wauzaji wengi hawakuambii.

Kuna njia ya tatu, kujenga kabati lenye ukuta wa bati unaotenganisha hewa inayoingia na inayotoka, kila moja na tundu lake la nje. Kwenye karatasi inatosha kabisa. Nimezijenga, na nasema wazi hakuna hata moja ambayo joto halikurudi kidogo, upepo ukivuma upande mbaya ndiyo kabisa. Nikiweza namshawishi mteja asifanye.

Upande wa ndani kosa ni hilohilo. Baridi ikitoka ikagonga godoro lililo mbele yake inarudi moja kwa moja kwenye filta, AC inahisi chumba kimeshapoa, inazima, wewe huku juu unatoka jasho. Ipe nafasi ya kupuliza urefu wa trela. Kuhusu juu au chini, vitabu vinasema weka juu maana baridi inashuka, lakini kwenye trela ndogo nimeona za chini zikifanya vizuri sana feni ndogo ikisaidia kuchanganya hewa, kwa hiyo mimi sigombani na mtu kwa hilo.

Maji yakisikika yanachapwachapwa nyuma msitoboe sinia! Nyingi zimetengenezwa hivyo, feni inayachota na kuyarushia kondensa iipoze. Yafuateni maelekezo ya mashine yenyewe kuhusu mlalo, yaani iinamishwe au ikae sawa.

Wenye AC ya paani msijione mko salama. Fungua kile kifuniko cha darini, utaona hewa inayorudi na inayotoka zimetenganishwa kwa kipande kimoja chembamba tu, na kwenye trela nyingi nilizofungua kilikuwa na mwanya unaopitisha vidole. Baridi inavutwa kabla haijafika kitandani. Ziba kwa tepu ya foili, ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi inasaidia kuliko kubadilisha ya BTU 13,500 ukaweka ya 15,000.

Jua nalo: mita moja ya mraba ya jua la utosini inaleta karibu wati 1,000. Madirisha yafunikwe kwa nje, kabla joto halijapita kioo, pazia la ndani limeshachelewa. Dirisha kubwa lisitazame jua la alasiri, mgongo wa AC pia ukae kivulini. Na iwashwe asubuhi, usisubiri kuta na godoro vishike moto, maana hapo AC inapoza godoro kwanza ndiyo ije kwako. Zile hesabu za BTU kwa ukubwa wa chumba zilipigwa kwa nyumba za kuta nene, kwenye trela mimi huzitumia kama pa kuanzia tu, halafu naangalia madirisha na paa.

Kwa hiyo kabla hujaniletea ukasema gesi, iwashe saa saba mchana, iache nusu saa, halafu peleka mkono kule nje ubavuni inapovuta. Ukikuta hewa ya moto kuliko unayoivuta wewe ukiwa umesimama pale, chukua msumeno ukatoe hiyo plaiwudi.